Hewa Nayo Hutiririka: Namna Hesabu ya Kompyuta Inavyosaidia Kupoza Vifaa vya Elektroniki

Wengi wetu katika kitivo hiki husema kwamba kompyuta hupozwa na feni. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijamaliza maneno. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kusukuma hewa tu. Kinachobeba joto na kulitoa nje ni hewa yenyewe, na hewa haipiti tunapotaka sisi, hupita penye nafasi. Nataka kueleza namna wahandisi wanavyoifuata hewa hiyo kwa hesabu kabla kifaa hakijaundwa, na kwa nini sisi watu wa lugha tunahusika.

Nianze na neno lenyewe. Kifaransa kina neno « fluide », linalokusanya maji, mafuta na hewa pamoja. Mfasiri mwenye haraka ataandika « kiowevu ». Lakini kiowevu ni kitu cha namna ya maji, hewa haimo. Na katika kompyuta nyingi tunazozitumia, hewa ndiyo inayopoza. Tafsiri hiyo basi inamfukuza mhusika mkuu wa habari. Mimi nitatumia « giligili », kwa maana ya kila kinachotiririka, kiwe maji au hewa.

Sasa tulifuate joto. Huzaliwa ndani ya prosesa, katika eneo dogo sana. Safari yake ya kwanza ni ya mpitisho: hutoka kwenye prosesa na kuingia katika kipande cha shaba au alumini kilichobanwa juu yake. Shaba, madini yaleyale yanayochimbwa hapa Katanga, hupitisha joto takriban mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana hata mwanya mwembamba kati ya prosesa na chuma hicho hujazwa pasta maalumu, hewa isibaki humo.

Safari ya pili ni ya myuko: joto hutoka kwenye mapezi ya chuma na kuchukuliwa na hewa inayopita. Hapa ndipo akili ya kawaida hudanganyika. Mtu atasema: tuongeze mapezi, joto litapata njia nyingi. Lakini mapezi yakibanana mno, hewa hushindwa kupenya na huzunguka pembeni. Pengine kijenzi kirefu husimama mbele ya kifupi na kukikinga na upepo; au hewa moto iliyokwisha kutoka hurudi kuingia kwa tundu la karibu. Kwa macho huyaoni hayo.

Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapoingia. Sheria za mwendo wa giligili zimeandikwa zamani: Mfaransa Claude-Louis Navier aliziwasilisha mwaka 1822, naye George Gabriel Stokes akazifafanua upya mwaka 1845. Ila milinganyo yao haitatuliki kwa kalamu katika umbo lenye pembe na vizuizi kama ndani ya kompyuta. Kwa hiyo mhandisi huchora kifaa, kisha hukigawa pamoja na hewa iliyomo katika vyumba vidogo vidogo, pengine mamilioni. Kwa kila chumba, programu hukadiria kasi ya hewa, shinikizo na joto, ikihakikisha kwamba kinachotoka chumba kimoja ndicho kinachoingia cha jirani. Hurudia hesabu mpaka majibu yasibadilike tena.

Matokeo huonyeshwa kwa rangi: nyekundu penye joto, buluu penye baridi. Mhandisi akiona doa jekundu, husogeza kijenzi, hupanua tundu au huweka kizuizi cha kuelekeza hewa, halafu hupiga hesabu tena. Anajaribu maumbo kumi bila kukata hata kipande kimoja cha alumini. Lakini mwisho hana budi kutengeneza kifaa kimoja na kupima joto lake halisi, kwa sababu picha nzuri si ushahidi. Mivurugiko midogo ya hewa, kwa mfano, hukadiriwa tu kwa kanuni zilizorahisishwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: programu hujibu kile tu ilichoambiwa. Ni lazima mtu aieleze hewa ya mahali. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Chukua kompyuta inayotoa wati 100 za joto, yenye feni inayosukuma lita 10 za hewa kila sekunde. Pwani, hewa itatoka ikiwa imeongezeka joto kwa nyuzi 8 na kidogo. Hapa itaongezeka kwa karibu nyuzi 10, maana lita ni zilezile lakini uzito wa kubeba joto umepungua. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi linaloziba mapezi, ambalo halimo katika mchoro safi wa mhandisi. Na joto likizidi, vijenzi huchakaa mapema.

Hesabu basi haikukosea. Iliulizwa habari za mahali pengine. Mwenye kuieleza hewa ya kwetu ni fundi anayefungua mashine hizi kila siku, na fundi huyo husema Kiswahili. Maelezo yake yatamfikia mhandisi yakiwa kamili endapo kati yao kuna mtu anayejua tofauti ya kiowevu na giligili, ya mpitisho na myuko. Kazi hiyo naiona ni yetu. Tukiandaa orodha fupi ya istilahi za joto kwa Kiswahili na Kifaransa, tukiisahihisha mbele ya mafundi na wenzetu wa kitivo cha uhandisi, tutakuwa tumechangia upozaji wenyewe.