Wakimbiaji Wetu (2): Nyambui, kutoka Moscow hadi ukocha

Wiki iliyopita tulimwacha Filbert Bayi kwenye Olimpiki ya Moscow, Julai 31, 1980, akiwa na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kesho yake ikawa zamu ya Suleiman Nyambui.

Katika fainali ya mita 5,000, Miruts Yifter wa Ethiopia alichomoka kwenye mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 13:20.91. Nyambui alimfuata kwa 13:21.60, akimwacha nyuma Kaarlo Maaninka wa Finland. Tofauti ya dhahabu na fedha haikufika sekunde moja. Tangu siku hizo mbili, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Nyambui ni mzaliwa wa Majita, mkoani Mara. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Februari 1981, jijini New York, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 ndani ya ukumbi. Baadaye akahamia barabarani, akashinda Berlin Marathon mwaka 1987 na kurudia 1988 akiwa na miaka 35.

Ndipo akashika saa ya kocha, nchini Brunei na kwa timu yetu ya taifa, na pia akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini. Mtu aliyepita umbali wote huo anajua kwamba ushindi wa mbio ndefu huja kwa kupanga mwendo.

Tuupime mwendo wenyewe. Muda wa Nyambui wa Moscow ni wastani wa sekunde 64 kwa kila mzunguko wa mita 400, mara 12 na nusu bila kupumzika. Vijana wa Wazo na Tegeta, jijini Dar es Salaam, wasio na uwanja wa riadha jirani wanaweza kutumia viwanja vya mpira. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mzunguko wa mita 346. Kwa mwendo ule, kila mzunguko ni sekunde 55 na nusu hivi. Kocha wa mtaani mwenye futi kamba na saa anaweza kuanza na mzunguko mmoja wa kasi, mmoja wa kutembea, akiandika kila muda daftarini.

Wiki ijayo: Juma Ikangaa na New York Marathon ya 1989.