Watoto wa Malkia Katika Picha za Mzaha

Katika kitabu kimoja cha historia mna picha iliyonichekesha sana. Jamaa moja, baba na mama na watoto wao, imesimama njiani kama maskini waombao sadaka. Nilipouliza ni akina nani, niliambiwa ni Malkia Victoria wa Uingereza na mumewe Albert! Basi nikataka kujua ni kwa nini walichorwa hivyo.

Picha hiyo ilitolewa na gazeti la mzaha liitwalo Punch, lililoanzishwa London mwezi wa Julai, 1841. Malkia alikwisha kuzaa binti mwaka 1840, na tarehe 9 Novemba, 1841, akajifungua mwana, ambaye alikuja kutawala kwa jina la Edward wa Saba. Hata kufika mwaka 1857 watoto walikuwa tisa. Mizinga ilipigwa na watu wakashangilia. Lakini kila mtoto aliongeza gharama, na fedha nyingi zilitolewa na Bunge. Wabunge hawakuwa wepesi wa kutoa. Mwaka 1840 waliombwa wampe Albert pauni 50,000 kila mwaka, wakampa 30,000.

Mwaka 1845 Malkia alimwandikia Waziri Mkuu, Sir Robert Peel, kwamba jumba la Buckingham halina nafasi ya kuwatosha watoto. Mwaka 1846 Bunge likakubali pauni 150,000 za kulipanua. Ndipo Punch likawachora wenye jumba lile kubwa wakiwaombea watoto wao mahali pa kulala.

Nilipofikia hapo, kicheko kiliniishia. Maana mwaka 1845 viazi vilianza kuoza mashambani Ireland, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Hao nao walikuwa raia wa Malkia yule yule, na walikuwa na watoto.

Wafalme waliijua nguvu ya picha hizi. Mwaka 1820 mchoraji George Cruikshank alipokea pauni 100 kwa ahadi kwamba hatamchora Mfalme George wa Nne katika hali ya aibu. Mwenye majeshi na manowari aliiogopa kalamu!

Wako wasemao kuwa kumcheka mkubwa ni utovu wa adabu, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini nikiitazama tena picha ile, sioni tusi kwa mtoto yeyote. Mtoto hakuchagua kuzaliwa jumbani, wala mwingine hakuchagua kuzaliwa penye njaa. Waulizwao ni watu wazima wanaogawa fedha za wote.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, mwonapo picha ya mzaha katika gazeti, chekeni, si vibaya. Kisha ulizeni: nani anaomba, na nani analipa?