Injini isiyotaka kupumzika

Pikipiki moja kuukuu yalia katika kiwanja cha dispensari, mjini Bukavu. Imesimama, wala hakuna mtu juu yake. Mkono wa mafuta umeachiliwa. Hata hivyo injini yapiga kelele kana kwamba yapanda mlima. Mwuguzi aitazama kwa huzuni. Kesho asubuhi ataka kupeleka dawa za chanjo katika uwanda wa Ruzizi, na njia yake yashuka milima ya Ngomo, penye makona makali na mabonde marefu kando ya barabara.

Fundi amefika pamoja na kijana anayejifunza kazi kwake. Mara moja kijana atoa bisibisi.

"Fundi, nipunguze skrubu?"

"Ngoja, mwanangu," asema fundi. "Kwanza tujue mgonjwa aumwa nini."

1. Injini huvuta pumzi

Injini hufanana na mtu: huvuta pumzi. Esansi haiwezi kuwaka pasipo hewa. Ili kilo 1 ya esansi iwake vema, zatakiwa kilo 15 hivi za hewa. Hewa hiyo si kidogo! Yajaza chumba chenye urefu wa mita 2 na nusu, upana wa mita 2 na nusu, na kimo cha mita 2. Huko Bukavu, penye hewa nyepesi, chumba hicho hakitoshi.

Chombo cha kuchanganya esansi na hewa chaitwa karbirateri. Ndani yake mna kizibo kinachopanda na kushuka kama mlango. Dereva akivuta mkono wa mafuta, waya wakiinua kizibo: hewa na esansi nyingi zaingia, injini yaenda mbio. Akiuachilia mkono, springi yakisukuma kizibo chini.

Lakini kizibo hakifungi kabisa. Skrubu moja ndogo yakizuia, upenyo mwembamba wabaki. Kwa upenyo huo injini yapata pumzi ya kutosha ili isizimike. Mwendo huo wa kupumzika mafundi wauita ralanti. Katika pikipiki nyingi ndogo ni mizunguko 1,300 hadi 1,500 hivi kwa dakika, yaani zaidi ya 20 kwa kila sekunde.

Basi, injini ikienda mbio bila kuvutwa, maana yake hewa yaingia kupita kiasi. Tuulize: yaingia wapi? Kwa mlango, au kwa tundu la ukuta?

2. Fundi apima mlango

Fundi mwenye akili huanza na mambo mepesi. Hafungui injini kabla ya kutazama yaliyo wazi mbele ya macho.

Kwanza atazama waya. Aushika usukani na kuugeuza polepole, kushoto hata mwisho, kisha kulia hata mwisho, injini ikiwaka. Kama mlio waongezeka usukani ukigeuka, waya ni mfupi mno au umebanwa mahali, nao wavuta kizibo bila dereva kutaka. Leo mlio haubadiliki. Tena mkono wa mafuta wacheza milimita 2 au 3 kabla ya kuvuta. Ni sawa. Waya hauna kosa.

Pili atazama kitufe cha kuwashia injini wakati wa baridi. Mtu akikisahau wazi, au kikikwama kwa uchafu, injini yaweza kwenda mbio. Leo kimefungwa vizuri.

Tatu azima injini na kutazama kizibo chenyewe. Mavumbi ya barabara yakiingia ndani, kizibo hukwama wala hakirudi chini. Fundi akipandisha kwa mkono wa mafuta, kisha auachilia. Tak! Chaanguka chini mara moja. Nacho hakina kosa.

Sasa fundi awasha tena injini, ampa kijana ruhusa. "Haya, legeza skrubu mpaka isiguse kizibo."

Kijana alegeza. Injini iliyo nzima ingezimika, kwa sababu mlango wake umefungwa. Lakini hii bado yanguruma! Kijana ashangaa.

"Mlango umefungwa, na mtu angali anaingia nyumbani," asema fundi. "Basi apita wapi?"

"Kwa ukuta, fundi."

"Vema. Tumtafute."

3. Hewa ya mwizi

Kati ya karbirateri na silinda pana bomba fupi la mpira, lililofungwa kwa bulo mbili. Hewa yote ya injini yapaswa kupita kwanza katika karbirateri, ipimwe pamoja na esansi, ndipo ipite katika bomba hilo. Bomba likipasuka, hewa yaingia kwa siri bila kupimwa. Ndiyo hewa ya mwizi.

Namna ya kuikamata ni rahisi. Fundi achukua maji kidogo yenye sabuni, ayadondosha pole juu ya bomba, injini ikiwaka. Juu: hakuna neno. Ubavuni: hakuna neno. Chini: mlio washuka ghafla! Maji yameziba ufa kwa muda kidogo, na mwizi amekosa njia. Maji yakiisha, mlio wapanda tena.

Angalieni: wako watu wanaodondosha esansi badala ya maji. Ni hatari kubwa. Esansi ikigusa injini yenye moto au cheche, yaweza kuwaka na kumwunguza mtu pamoja na pikipiki.

Fundi azima injini, aingoja ipoe, kisha alitoa bomba. Ukilitazama hivi hivi, ufa ni mwembamba kama unywele. Ukilikunja kwa vidole, wafunguka kama mdomo. Joto la miaka mingi limekausha mpira. Tena bulo moja imelegea kwa kutikisika.

4. Kwa nini skrubu haitoshi

Mwuguzi akumbuka jambo. Juma lililopita fundi mmoja wa njiani alipunguza skrubu, akapokea fedha, akaenda zake. Siku ile pikipiki ilinyamaza. Lakini tangu hapo, asubuhi yenye baridi injini yazimika kila mara, na mchana ikiwa moto yaenda mbio tena. Skrubu ilificha ugonjwa tu, haikuuponya.

Na ugonjwa huu una hatari mbili.

Ya kwanza ni ya injini. Hewa ikizidi na esansi ikipungua, injini yapata joto kupita kiasi. Fundi atoa buji, amwonyesha kijana ncha yake. Buji ya injini nzima ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Hii ni nyeupe kama majivu. Joto kama hilo likidumu, pistoni yaweza kuungua au kukwama katika silinda.

Ya pili ni ya mtu mwenyewe. Katika mtelemko mrefu, dereva hutia vitesi ndogo na kuachilia mkono wa mafuta. Injini yaizuia pikipiki, nazo freni zapumzika. Lakini injini isiyotaka kupumzika haizuii, bali yasukuma. Freni zafanya kazi peke yake, zapata moto, zachoka. Na kwenye kona za Ngomo, freni zikichoka, bonde liko karibu.

"Kumbe!" asema mwuguzi kwa sauti ndogo. "Nami nalitaka kwenda hivyo hivyo."

5. Matengenezo

Bomba jipya lapatikana sokoni. Fundi asafisha mahali pake, alifunga. Hakazi bulo moja kwa nguvu yote kabla ya nyingine. Akaza hii kidogo na ile kidogo, zamu kwa zamu, ili bomba likae sawasawa lisivute hewa tena. Awasha injini na kuiacha ipate moto kwa dakika chache. Ndipo ampa kijana bisibisi.

"Sasa ni saa ya skrubu."

Kijana aizungusha pole pole. Injini yatulia, yapiga tu-tu-tu-tu kama moyo wa mtu aliyelala.

Fundi aongeza neno moja kwa mwuguzi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika, mto Ruzizi unapoishia, liko mita 773 tu. Huko chini hewa ni nzito zaidi, nayo yapita nyingi katika upenyo ule ule. Kwa hiyo ralanti yaweza kupanda kidogo. Hilo si ugonjwa. Lakini mlio ukipanda sana, asiguse skrubu: amwite fundi atafute ufa.

Asubuhi, injini yawaka kwa mara ya kwanza, wala haizimiki. Mwuguzi afunga sanduku la chanjo nyuma, ashika njia ya Ngomo.

Wazee wetu husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fundi mwaminifu hapokei fedha kwa kunyamazisha kelele. Hutafuta ufa.

Maulizo

1. Kilo 1 ya esansi yataka kilo ngapi za hewa?
2. Kizibo cha karbirateri chafanya kazi gani? Na skrubu je?
3. Kwa nini fundi aligeuza usukani injini ikiwaka?
4. Eleza namna ya kukamata hewa ya mwizi. Kwa nini tusitumie esansi?
5. Injini inayokwenda mbio yaleta hatari gani katika mtelemko?
6. Fundi wa njiani alikosa nini?