Wewe Mmoja, Bei Moja

Mtoto wa miaka saba atumwapo dukani na mamake, noti ikiwa kiganjani na jina la kitu kimoja likiwa ulimini, hukabiliwa kizingitini na mambo mawili yaliyowashughulisha wanazuoni wengi: namna ya kumwita mtu aliye mbele yake, na namna ya kujua bei ya kitu akitakacho. La kwanza ni la nahau, katika mlango wa viwakilishi. La pili ni la elimu ya iktisadi, ambayo wengi leo huiita uchumi. Nimefundisha Kiingereza kwa wanaoanza miaka mingi, na kila mwaka, siku ya viwakilishi, hunyanyuka mkono mmoja darasani na kuuliza swali lile lile: ikiwa mimi ni 'I am', na yeye ni 'he is' au 'she is', na sisi ni 'we are', mbona wewe, uliye mtu mmoja tu, huambiwa 'you are' kana kwamba u umati?

Jibu la swali hilo halimo katika kanuni, limo katika tarehe. Kiingereza cha kale kilikuwa na 'thou' kwa mtu mmoja na 'ye' kwa watu wengi, sawasawa na wewe na ninyi. Na neno 'you' lilikuwa la hao wengi wanapotendwa, kama 'thee' lilivyokuwa la mmoja anapotendwa. Kisha ikaingia desturi, iliyotoka kwa Wafaransa, ya kumwambia mkubwa kwa neno la wingi, kwa maana kwamba cheo chake ni sawa na watu kadhaa. Hata kufikia karne ya 17, 'thou' likawa neno la kumwambia Mwenyezi Mungu, mtoto, mpenzi na mtumishi, na aliyemwambia hivyo bwana mkubwa alikuwa amemtukana.

Katika karne hiyo alitokea George Fox, mtoto wa mfuma nguo wa Leicestershire, aliyezaliwa mwaka 1624, akaanzisha Jamii ya Marafiki, ambao mahasimu zao waliwaita Quakers, yaani watetemekao. Fox aliona kwamba kumwambia tajiri 'you' na maskini 'thou' ni kusema uongo juu ya kazi ya Mungu, aliyemwumba kila mmoja wao kuwa mtu mmoja. Basi yeye na wafuasi wake wakamwambia kila mtu 'thou', awe kadhi, awe mchunga kondoo. Mwaka 1660 yeye na wenziwe wawili walitoa kitabu kizima cha kuwafunza walimu umoja na wingi, wakileta ushahidi wa lugha nyingi kuonyesha kwamba mataifa hupambanua mmoja na wengi. Sikijui kitabu kingine cha nahau ambacho kwa ajili ya mafunzo yake watu walipigwa. Thomas Ellwood, aliyekuja baadaye kumsomea vitabu mshairi Milton aliyekuwa amepofuka, ameeleza jinsi babake mzazi alivyompiga alipothubutu kumwambia 'thou' na kukataa kuvua kofia mbele yake.

Watu hao hao walikuwa na maduka, na kama walivyokataa maneno mawili kwa watu wawili, walikataa pia bei mbili kwa kitambaa kimoja. Mwenye duka akitaja shilingi kumi hali moyoni ameridhia saba, kwao huo ulikuwa uongo mtupu. Kwa hiyo Rafiki alitaja bei aliyoikusudia, wala haikupungua. Fox amesimulia kwamba mwanzoni wateja waliwakimbia, kwa chuki ya lugha yao na mwenendo wao mgeni, hata baadhi yao wakakaribia kukosa riziki; lakini watu walipogundua kwamba mtoto akitumwa kwenye duka la Rafiki hurudi na kitu kile kile, kwa bei ile ile ambayo babake angalitozwa, wateja walirejea kwa wingi hata wafanyabiashara wengine wakaona wivu.

Hapa anayeanza iktisadi na atue, maana msingi mkubwa wa elimu hiyo umejificha katika kisa hiki. Tuseme muuzaji ana jozi ya kanga, na chini ya shilingi 10,000 hauzi, kwa kuwa ataingia hasara. Na mnunuzi aliyesimama mbele yake, kwa vile ana harusi kesho, yu tayari kufika 16,000. Baina ya kiasi hiki na kile mna nafasi ya shilingi 6,000, na bei yoyote itakayoangukia humo itawafaidi wote wawili, ila haijulikani nani atafaidi zaidi. Muuzaji hajui ukomo wa mnunuzi, wala mnunuzi hajui ukomo wa muuzaji, na kila mmoja anauficha wake. Kupatana bei ni mchezo wa kuigawa nafasi hiyo katika giza. Mjuzi wa maneno na mwenye muda wa kukaa atalipa 11,000. Mgeni, mwenye haraka, mwenye haya, na mtoto, watalipa 15,500. Tena saa iliyotumika ina thamani yake, ingawa haiandikwi popote, kwa sababu mamalishe aliyeacha jiko lake ili apunguziwe shilingi 500 huenda amepoteza sahani tatu za wali.

Mimi ni mtu wa pwani na siudharau mlango huo wa biashara. Kupatana bei kuna adabu zake, kuna kuulizana hali na kucheka, na mara nyingi mwenye duka humpunguzia mjane ambaye bei moja isingemtambua. Lakini nimewaona wengi waliotozwa bei ya kuruka kwa sababu ya lafudhi yao tu, na moyo wangu uko pamoja nao kuliko uko pamoja na fundi wa maneno. Bei ya Marafiki ilimwachia mwenye duka faida ndogo zaidi katika kila jozi, ikamletea jozi nyingi zaidi. Na mwaka 1852 Aristide Boucicaut alipoingia katika duka la Bon Marché mjini Paris na kuzifanya bei zilizoandikwa kuwa kanuni, hakuhitaji dini yoyote kuiona faida hiyo.

Imani ya Marafiki juu ya usawa wa watu, hata hivyo, ilikawia kufika pale ilipohitajiwa zaidi. Marafiki waliohamia Amerika walimwambia kila mtu 'thou', na wengi wao, William Penn akiwamo, walimiliki watumwa. John Woolman, mshonaji na mwenye duka wa New Jersey aliyezaliwa mwaka 1720, aliagizwa ujanani na tajiri wake aandike hati ya kuuza mwanamke mweusi. Akaiandika, kisha akasema mbele ya tajiri na mnunuzi, aliyekuwa Rafiki mwenzao, kwamba jambo hilo haliafikiani na dini yao. Dhamiri haikumwacha. Alisafiri kuwasihi wenye watumwa, akilala majumbani mwao alitoa fedha walipwe waliomhudumia, na mwaka 1776, miaka minne baada ya kufa kwake, Marafiki wa Philadelphia waliamua kuwatenga wenzao wasiokubali kuwaacha huru watumwa wao.

Mambo ya lugha yalikwenda njia nyingine. Waingereza walifikia usawa kwa kumpandisha kila mtu hadi 'you', bwana na mchukuzi pamoja, na 'are' ya wingi ikafuatana nalo. 'Thou' likabaki kanisani na katika mashairi, nao Marafiki wa Amerika wakabaki na 'thee' lao majumbani, wakilitumia hata mahali pa mtenda. Ndiyo maana mwanafunzi wangu huitwa umati.

Baada ya utumwa kuondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza walikuwa na shamba la karafuu huko Banani, Pemba, ambamo waliwaajiri kwa ujira watu waliotoka utumwani. 'Thou' haikuwa na kazi huko, kwa kuwa Kiswahili hakijampoteza wewe wake. Heshima hupitia shikamoo na bwana na bibi. Lakini Kiswahili nacho kina fumbo, ambalo hulifanya somo langu la mwisho wa muhula. Huandika ubaoni maneno mawili, bei yake, nikawataka wanafunzi wayatie katika Kiingereza, na ubishi huanza papo hapo. Aliyefikiri kanga huandika 'its price'. Aliyemfikiri muuzaji huandika 'his price', au 'her price' ikiwa ni mama. Kisha huwasimulia habari ya hati aliyoiandika Woolman, na kuwauliza bei yake ile ilikuwa ya nani, na nani aliyeipokea.