Wajumbe Waliolifuta Baraza Lao

Bunge la jimbo la Queensland, Australia, lilikuwa na mabaraza mawili: la chini, la wajumbe waliochaguliwa na raia, na la juu, la wajumbe walioteuliwa kwa maisha yao yote. Hili la juu liliizuilia miswada serikali ya chama cha Labor. Mwaka 1917 raia waliulizwa kwa kura kama lifutwe, wakakataa. Hata hivyo, mwaka 1920 waliteuliwa wajumbe wapya 14, wakapewa jina la “kikosi cha kujiua”. Oktoba 1921 baraza lilikubali kujifuta, na mwaka 1922 likakoma. Jina hilo lachekesha, lakini lasema nusu tu: kilichouawa si baraza peke yake, bali pia jibu la raia.