Gofu ya Bei Nafuu Katika Vilima vya Braid

Wapo watu wengi wadhanio kwamba gofu ni mchezo wa matajiri tu, na kwamba mtu wa mshahara mdogo hana haki hata ya kukanyaga majani ya kiwanja chake. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Huko Scotland, nchi iliyoulea mchezo huo, mfanyakazi wa kawaida aweza kucheza kwa malipo madogo, kwa kuwa vipo viwanja vilivyo mali ya umma.

Mfano mzuri ni kiwanja cha Braid Hills, kusini mwa mji wa Edinburgh. Hapo kale wakazi wa mji huo walicheza katika uwanja wa wazi wa Bruntsfield Links, karibu na nyumba za watu. Mji ulipokua, wachezaji na wapita njia walisongamana, na mpira mgumu wa gofu ukimpata mtu waweza kumjeruhi vibaya. Ndipo halmashauri ya mji iliponunua vilima vya Braid, na mwaka 1889 kiwanja kikafunguliwa kwa watu wote. Si lazima mtu awe mwanachama wa klabu. Hulipa ada ya mchezo wake, akaingia.

BEI HUSHUKA JUA LIKISHUKA

Ni desturi ya viwanja vingi vya umma kupunguza ada kwa watoto, kwa wazee, na kwa wale wachezao saa ambazo kiwanja hakina watu wengi, aghalabu jioni. Huko Edinburgh, mwezi wa Juni, jua huchwa karibu saa nne za usiku. Hivyo mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja aweza kuyamaliza mashimo yote 18 kabla ya giza. Wala anayejifunza hana haja ya kununua fimbo zote 14 ziruhusiwazo na sheria. Tano au sita zilizokwisha kutumika zamtosha.

Lakini wepesi wa bei si wepesi wa kazi. Braid ni mahali pa miamba, mabonde na vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Mpira ukiingia humo, kuupata ni taabu. Mpira upigwao kupanda mlima huanguka karibu kuliko ilivyotazamiwa, na ule wa kuteremka huenda mbali zaidi. Basi mchezaji mwenye busara hubadili fimbo, wala hashindani na mlima kwa nguvu. Akisimama mtelemkoni, huyaacha mabega yafuate mtelemko. Mwenda pole hajikwai. Na ujira wa jasho hilo upo: akifika juu huiona ngome ya Edinburgh, kilima cha Arthur's Seat, na maji ya Firth of Forth yakimeremeta kwa mbali.

ASKARI WA JICHO MOJA

Miongoni mwa waliocheza katika vilima hivyo ni Tommy Armour, mzaliwa wa Edinburgh. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliingia jeshini akiwa askari asiye na cheo, akapanda hadi kuwa meja katika kikosi cha vifaru. Gesi ya sumu ilimpofusha macho yote mawili. Waganga walimtia vipande vya chuma kichwani na katika mkono wa kushoto. Baadaye jicho la kulia likapona. La kushoto halikuona tena.

Mtu wa jicho moja hupata shida kukadiria umbali, na gofu ni mchezo wa kukadiria umbali. Hata hivyo Armour alishika fimbo wakati akiuguza majeraha yake, akaendelea bila kukata tamaa. Mwaka 1927 alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani, mwaka 1930 ubingwa wa wachezaji wa kulipwa wa nchi hiyo, na mwaka 1931 ubingwa wa wazi wa Uingereza, uliochezwa Carnoustie, katika nchi yake mwenyewe.

Ndugu msomaji, halmashauri iliyonunua vilima vile haikuwa ikitafuta mabingwa. Ilitaka wananchi wapate mahali pa kunyoosha viungo bila kumdhuru jirani. Ardhi ya umma ikitunzwa, baba aliyechoka kwa kazi, mama, na mtoto wao hupata pa kutembea pamoja jioni. Na yule aliyerudi vitani na majeraha hupata mlima wa kupanda tena, hatua kwa hatua.