Presha ya mzee hulelewa nyumbani

Mzee wa Mangapwani mwenye presha na sukari huonana na daktari mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu, tena kwa dakika chache. Siku zote zilizobaki daktari wake ni mjukuu anayemkumbusha vidonge, binti anayeamua chumvi ya mchuzi, na jirani mwenye chupa ya hablasoda anayeapa kwamba ndiyo iliyomponya shemeji yake. Maradhi haya hayatibiwi yakaisha kama malaria. Mtu huishi nayo miaka 20 au 30. Anayetaka kujua iwapo huduma za wazee zinafanya kazi asiishie kuhesabu foleni ya kliniki. Aangalie yanayotokea mzee akisharudi kwake.

Mangapwani ipo Wilaya ya Kaskazini B, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe. Hospitali ya wilaya ipo Pangatupu, na mambo yakiwa mazito mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini. Kwa kijana hiyo ni nauli na saa kadhaa tu. Kwa bibi wa miaka 75 mwenye magoti mabovu, kupanda daladala kunahitaji mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo naye ana mwani wake baharini au biashara yake sokoni. Siku asipopatikana, safari haipo. Vidonge vinaisha, na kwa kuwa presha kwa kawaida haiumi, wiki mbili hupita bila mtu yeyote nyumbani kushtuka. Kinachowashtua ni kiharusi.

Ukubwa wa jambo hili umeshapimwa. Utafiti wa Zanzibar wa mwaka 2011 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta karibu theluthi moja ya watu wazima wana presha ya juu. Uzeeni hesabu hupanda. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 2,223 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha. Wengi wao hawakuwa wakijua. Sababu kubwa ni mishipa yenyewe. Mshipa wa kijana hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha ukarudi. Miaka ikienda unakakamaa, na nguvu yote ya pigo la moyo hubaki ndani ya damu. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu hupaa huku ya chini ikibaki pale pale, 170 kwa 80, na mwenyewe akasema hana neno kwa sababu “ya chini iko sawa”. Haiko sawa. Namba ya juu peke yake inatosha kupasua au kuziba mshipa wa ubongo.

Zanzibar haianzi sifuri katika kufuata watu majumbani. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, ulienea wilaya zote 11 mwaka 2021: wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa kutoka shehia zao, kila mmoja na simu yenye programu inayomwongoza nini aulize na lini ampeleke mtu kituoni. Ulijengwa kwanza kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo, na kwa haki, kwani ndiko vifo vilikokuwa vikilia zaidi. Lakini mhudumu huyo huyo anapobisha hodi kumuona mzazi, bibi amekaa ukumbini, miguu imevimba, na mara nyingi ndiye anayemjibu salamu.

Je, mtu asiye daktari wala muuguzi anaweza kubadilisha presha ya mtu kwa kumtembelea? Jibu zuri zaidi limetoka vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka. Wahudumu wa jamii wa serikali walifunzwa kupima presha majumbani, kuzungumza na familia nzima kuhusu chumvi na dawa, na kuwapeleka kwa daktari wale ambao presha yao haikushuka. Utafiti ulihusisha vijiji 30 na watu 2,645, ukachapishwa mwaka 2020. Baada ya miaka miwili, namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa takriban alama 5 zaidi ya vijiji vilivyoachwa na huduma za kawaida. Alama 5 zinaonekana haba. Lakini uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa za presha uliotoka mwaka 2021 ulionesha kwamba kushuka kwa alama 5 hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa karibu asilimia 10.

Siri ya ziara hizo si mashine ya presha. Mashine inanunulika. Ni yale yanayoonekana nyumbani na hayaonekani kliniki, kama pale mhudumu anapozungumza na bibi yule wa ukumbini.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Bibi, naomba uniletee dawa zako zote. Zote, hata za kununua.”

Mfuko wa plastiki unamwagwa juu ya mkeka. Mna boksi mbili zenye majina tofauti, moja kutoka kituoni, nyingine imenunuliwa na mtoto wake duka la dawa mjini. Ukisoma maandishi madogo, zote ni amlodipini. Kwa hiyo bibi anakunywa dozi mara mbili, na miguu ile iliyovimba imeshapata sababu moja. Chini ya mfuko kuna diklofenaki za kiuno, anazomeza kila maungo yanapomkaba. Dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mzee mwenye sukari. Daktari hajui, kwa sababu bibi alipoulizwa kama ana dawa nyingine alisema hana. Ya kiuno haihesabu kuwa dawa. Mhudumu hamkatazi chochote pale pale. Anaandika, anampigia simu muuguzi wa kituo, na uamuzi unatoka kwa mwenye taaluma.

Kisha anapima, na hapa haraka huharibu kila kitu: mzee akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda uwe wa saizi yake. Akimaliza amsimamishe na kumpima tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, mzee huyo yuko hatarini kuanguka usiku anapokwenda msalani, na nyonga iliyovunjika inaweza kummaliza kabla ya kiharusi. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na bado hurukwa mno.

Nani wa kuanza naye? Orodha ipo tayari. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, maskini kwa tajiri, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, zikapandishwa baadaye hadi 50,000. Kwa maoni yangu daftari la wanaolipwa ni hazina ya afya: linajua wazee wa Mangapwani ni akina nani na wanaishi wapi. Kulinganisha majina hayo na faili za kituo kungeonesha nani hajapimwa kabisa, na kazi hiyo inaweza kufanywa na sheha, karani wa kituo na mhudumu wakikaa pamoja asubuhi moja. Kigumu ni mzigo wa mhudumu. Mtu wa kujitolea hawezi kuongezewa wazee juu ya watoto na wajawazito kwa posho ile ile. Atakayebuni mpango huu bila bajeti yake anabuni karatasi.

Wakati wa kuanzia unaweza kuwa mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani. Wazee wengi wenye sukari hufunga Ramadhani hata wakikatazwa, na kuwakataza tu huwafanya wafiche. Ziara ya kabla ya mwezi ndiyo yenye faida, maana dozi hupangwa upya na daktari: anayetumia glibenklamaidi au insulini yuko katika hatari kubwa zaidi ya sukari kushuka alasiri kuliko anayetumia metformini peke yake. Familia ifundishwe dalili za kushuka, yaani jasho, kutetemeka na maneno kuchanganyika, na ijue kwamba kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (mmol/L) mzee anafungua hapo hapo, hata ikiwa Magharibi imebaki nusu saa. Kwa wanazuoni wengi tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu, na asiyeweza kabisa kufunga ana fidia. Imamu wa msikiti wa shehia akilisema hilo mwenyewe baada ya Isha, mhudumu anakuwa amepunguziwa nusu ya mabishano.